Andikeni majina ya wapiga ala kabla hatujaisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Ramadhani iliyopita. Mimi ni mpiga gitaa la rithimu, lile linaloshika mapigo nyuma ya gitaa la solo. Nilizaliwa Ngamiani, Tanga, mwaka 1955. Nilivuka mpaka wa Horohoro nikiwa kijana wa miaka 20, gitaa lenyewe la kuazima, na tangu siku hiyo Kenya ndiyo iliyonilisha. Wilson na George Peter wa bendi ya Simba Wanyika walikuwa wametutangulia kutoka Tanga, nasi wengine tukafuata njia yao. Nimepiga Mombasa, nimepiga Nairobi, nimepiga katika mahoteli ya Diani. Sasa nipo Likoni na wajukuu.

Usiku mmoja baada ya futari, mjukuu wangu aliweka simu yake mkekani akasema, "Babu, sikiliza huu, watu wanaupenda kweli." Ulikuwa wimbo tulioutia kwenye santuri Nairobi mwaka 1979. Nilikuwa sijausikia kwa zaidi ya miaka 30, maana nakala yangu iliharibiwa na mvua nyumba ilipovuja. Nikausikiliza kimya. Tarumbeta ziliponyamaza na magitaa yakabaki peke yake, nilimshika mtoto mkono nikamwambia arudishe nyuma. Kuna mvumo pale, mdogo tu, kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Mvumo ule ni wangu.

Gitaa nililopigia siku ile lilikuwa mali ya bendi. Kile kipande cha mfupa kilicho kichwani mwa gitaa, pale nyuzi zinapopita, kilikuwa kimelika upande wa uzi wa nne, uzi ukawa unalala chini. Asubuhi ya kurekodi hatukuwa na fundi wala pesa ya fundi. Nilivunja njiti ya kiberiti nikaichomeka chini ya uzi. Ilisaidia, lakini kila nilipoubana kwa nguvu, uzi ulivuma. Mpiga solo wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinikazia macho mpaka wimbo ukaisha. Hatukurudia. Siku zile tulipiga wote kwa pamoja, waimbaji, tarumbeta, ngoma na magitaa. Mmoja akikosea mnaanza upya, na saa za studio zilikuwa zikilipiwa na tajiri mmoja wa barabara ya River Road, Nairobi, aliyekaa kwenye kiti kona ya chumba, akitazama saa yake.

Tajiri yule alinilipa shilingi 150. Nilitia sahihi katika kitabu chake cha hesabu, chenye mistari ya buluu, nikaenda kula. Wimbo ulikuwa mrefu, ukakatwa vipande viwili kama ilivyokuwa desturi ya santuri ndogo: maneno upande wa kwanza, na upande wa pili ni magitaa na kucheza. Kwenye karatasi ya katikati ya santuri paliandikwa jina la wimbo, jina la bendi na jina la mtunzi. Basi. Sisi wengine hatukuona kwamba tumedhulumiwa. Watu walitujua kwa kutuona. Ukiingia klabu Jumamosi usiku, ulimwona nani ameshika besi na nani yuko kwenye ngoma, na ukipenda ulimpandia jukwaani ukambandika noti kwenye paji la uso. Jina liliandikwa la nini, na mwenyewe umesimama pale?

Lakini simu ya mjukuu wangu haina jukwaa. Ina sauti na picha moja ya mnazi na machweo. Chini yake pameandikwa kwamba wimbo umesikilizwa zaidi ya mara laki nne. Mjukuu alinisomea maoni ya watu mpaka tukasahau chai. Kuna mama mmoja aliye Muscat anasema huo ndio wimbo uliopigwa siku ya harusi yake. Mwingine yuko Toronto, anasema baba yake alikuwa akiupiga kila Jumapili akipiga pasi nguo za kazi. Kuna wa Lubumbashi, kuna wa Bujumbura. Kisha mtu mmoja ameuliza, "Huyu wa rithimu ni nani jamani?" Watu 11 wamemjibu. Wamemtajia wanamuziki watatu mbalimbali. Wawili ni marehemu niliowajua na kuwaheshimu, na wa tatu hakuwahi hata kukanyaga bendi yetu. Mimi hayumo aliyenitaja.

Mhariri, sikulala.

Kesho yake mjukuu alimwandikia mwenye ukurasa huo. Alijibu kwa adabu. Alisema familia yake ilinunua haki za nyimbo nyingi kutoka kwa warithi wa tajiri, na karatasi anazo. Sina ugomvi naye. Tajiri alilipia studio, akachapisha santuri, akauza, na kisheria rekodi ilikuwa yake. Nilipokea zile 150 kwa mkono wangu mwenyewe. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haikumsahau aliyepiga. Nayo imempa haki yake, na redio au hoteli ikiucheza wimbo, mpigaji ana fungu la kulipwa. Kwa hiyo nilivaa kanzu safi nikapanda feri, nikaenda kwenye ofisi ya chama kimoja cha kukusanya mirabaha, yaani malipo hayo ya wenye haki.

Binti aliyenihudumia aliniamkia, akaniletea kiti. Akaniuliza jina la wimbo, mwaka, namba ya kitambulisho. Kisha akasema, "Mzee wangu, una karatasi yoyote inayoonyesha kwamba ni wewe uliyepiga?" Nikamweleza habari ya njiti ya kiberiti. Nikamweleza pia kwamba katika upande wa pili mwimbaji wetu anapaza sauti, "Mtoto wa Ngamiani, wakumbushe!" na mimi ndipo ninapoingia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema anasadiki, ila kompyuta inataka jina na ushahidi, na watoto wa Ngamiani ni wengi. Akanishauri nilete mashahidi wawili tuliopiga pamoja.

Tulikuwa tisa. Mpiga solo alifariki mwaka 1998, mpiga besi 2011. Waimbaji wote watatu wametangulia, na mpiga ngoma pia. Mmoja wa tarumbeta alirudi kwao miaka mingi, sijui alipo. Aliyebaki ni wa tarumbeta ya pili, yuko Kisumu, na tangu apooze mwaka juzi hawezi kusema. Nilimpigia simu, mkewe akamwekea sikioni, nikamwimbia ile sehemu yake. Mkewe aliniambia alikuwa akichezesha vidole vitatu juu ya shuka.

Sasa nieleze ninavyoelewa mambo ya mtandao, kwa sababu wenzangu wa rika langu wengi hulaumu mahali pasipostahili. Mjukuu wangu alinifundisha taratibu. Kila rekodi inayoingizwa mtandaoni hupewa namba yake ya herufi na tarakimu 12, huitwa ISRC. Pesa hufuata namba hiyo. Wimbo ukisikilizwa Kilifi au Kanada, mashine husoma namba, hutazama nani ameandikwa kuwa mwenyewe, humpelekea fungu lake. Wahasibu wa enzi yetu hawakuwa hivyo. Santuri zilipouzwa tuliambiwa idadi na yuleyule aliyeziuza, tukasema ahsante. Kwa hiyo asije mtu akadhani ninaichukia teknolojia. Inahesabu vizuri kuliko binadamu yeyote niliyewahi kumpigia gitaa. Ila inalipa walioandikwa, na sisi hatukuandikwa.

Fomu ya kuingizia wimbo ina mahali pa kujaza waliopiga ala, nani besi, nani ngoma, nani rithimu. Nimeonyeshwa kwa macho yangu. Lakini wengi huiruka. Na anayeingiza wimbo wa mwaka 1979, akiwa na santuri tu mkononi, hata angependa kujaza atajaza nini?

Ndiyo maana Bunge lilipobadilisha sheria mwaka 2022 nilifurahi nusu. Sheria ile ilisema mapato ya miito ya simu, zile nyimbo za Skiza tunazosikia tukisubiri mtu apokee, yagawanywe hivi: kampuni ya simu asilimia 39.5, wakala wa kati asilimia 8.5, na mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52. Ni ushindi, na vijana waliopigania jambo hilo nawapa mkono. Lakini hiyo 52 humwendea aliyeandikwa. Wimbo wetu nao umewekwa kuwa mwito wa simu. Nilimpigia fundi wa bomba hapa Likoni, nikajisikia mwenyewe nikipiga, na hakuna senti iliyokuja kwangu.

Na muda unatukimbia. Kwa sheria yetu, haki ya mpigaji hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliorekodiwa. Wimbo wetu ni wa 1979, hesabu inafika mwisho Desemba 2029. Zile za mwaka 1974 kurudi nyuma zimeshatoka. Mtunzi ana nafuu kidogo, yake huhesabiwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari hapa Mombasa Januari 1979, kwa hiyo nyimbo alizotunga zinalindwa hapa Kenya mpaka mwisho wa 2029 vilevile. Sisi wapiga ala hesabu yetu ilianza siku ileile tuliyotoka studio, tungali vijana, hatuna habari.

Haya si mabadiliko ya kwanza kunipitia. Kaseti ilipoenea miaka ya 1980 tuliumia na tukafaidi kwa wakati mmoja. Kila kibanda kilikuwa na mashine ya kudurufu, santuri zikakosa wanunuzi, lakini matatu zilitupeleka mpaka vijiji tusivyovijua, na klabu zikajaa. Kilichonitoa jukwaani hasa ni kinanda cha umeme chenye ngoma na besi ndani yake. Hoteli iliyokuwa ikitulipa watu sita ikamchukua mmoja. Nilikuwa nikimtazama kijana yule akibonyeza kitufe, besi inaanza, na nyuma yake viti vyetu vitano vimepangwa ukutani. Hata hivyo sitaki kukitupia kinanda kila lawama. Ghasia za Likoni za mwaka 1997 ziliwafukuza watalii, na hoteli yenyewe ilikuwa inatafuta pa kupunguza. Nikaacha, nikauza samaki miaka minane.

Aliyenirudisha kwenye gitaa ni kijana wa Kisauni mwenye studio chumbani kwake. Ana kompyuta, spika mbili, na magodoro yamesimamishwa ukutani. Alisikia kutoka kwa mjukuu wangu kwamba kuna mzee anajua rithimu za zamani, akaniita nimpigie vipande. Nilipiga dakika 20. Nikadhani tumemaliza, akatoa karatasi. Akaandika jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba yangu, chombo nilichopiga, na kwamba nina asilimia tano ya wimbo huo. Akatia sahihi yeye, akatia mwimbaji, nikatia mimi. Haikufika dakika kumi. Akanitumia shilingi 2,000 kwa M-Pesa papo hapo. Miezi mitano baadaye simu ikalia usiku: shilingi 312. Nilimwamsha mke wangu nikamwonyesha. Mwanamke ameishi na mpiga gitaa miaka 41, na huo ulikuwa ujumbe wa kwanza wa pesa iliyokuja nikiwa nimelala.

Kijana huyohuyo ndiye aliyenifanyia jambo ambalo sitalisahau. Nilimpelekea wimbo wa 1979. Akasema ipo programu inayoweza kutenganisha sauti, waimbaji huku, ngoma huku, magitaa huku, hata kama vyote vilirekodiwa pamoja. Alibonyeza, tukangoja. Kwanza sauti ya marehemu mwimbaji wetu ikatoka peke yake, bila chochote nyuma, unasikia mpaka anavyovuta pumzi. Nikamwambia aizime kidogo. Kisha akafungua magitaa. Solo na rithimu havikuachana kabisa, vilikuwa bado vimeshikana mikono, lakini nilijisikia. Mkono wangu wa miaka 24, njiti inavuma, na pale katikati nachelewa kidogo kwa sababu nilitazama jicho la mpiga solo. Kijana akaniuliza, "Mzee, hapa ulifanya makusudi?" Nikamwambia hapana, niliogopa. Akasema hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wote wanaipenda.

Nasikia pia zipo programu zinazotunga wimbo mzima ukiziandikia maneno machache, nazo hujifunza kutoka kwa nyimbo zilizopo. Vijana wana hofu nazo, nami nawaelewa. Sitaongeza neno hapo, ila kwamba kama mashine itajifunza kupiga rithimu ya Tanga, nataka iwepo orodha mahali ya binadamu waliokuwa wakiipiga. Bendi ya Les Wanyika ilipoanza mwaka 1978 rithimu ilikuwa ya Omari Shabani, aliyejulikana kama Profesa, na mpaka leo anatajwa. Wa namna yake ni wachache mno. Wengi ni kama mimi, tunabishaniwa na watu 11.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba haya kupitia gazeti lako.

Bodi ya hakimiliki, KECOBO, na vyama vya mirabaha waitishe siku za kusikiliza. Si mkutano wa hotelini wenye mabango. Ukumbi wa kijamii, Mombasa, Nairobi na Kisumu, spika nzuri, na santuri za zamani. Wazee waje, wimbo upigwe, aliyepiga aseme ni mimi, na waliomwona akipiga washuhudie. Iandikwe, irekodiwe kwa video, iwekwe kwenye kumbukumbu kama ushahidi unaokubalika. Ushahidi wa aina hiyo hata baraza la wazee wa mtaa hupokea linapoamua mipaka ya shamba. Sisi tunasema nani alishika besi.

Warithi wa matajiri wa River Road na wa maduka ya santuri ya Mombasa, msichome vitabu vya hesabu vya wazee wenu. Najua vinakaa nafasi na vina mende. Lakini kule ndani mna sahihi zetu. Kila aliyepokea 100, 150, alitia sahihi na tarehe. Pengine ni karatasi pekee duniani yenye jina langu na wimbo ule pamoja. Sidai mnilipe tena mlichokwisha kunilipa. Pigeni picha kurasa hizo, muwape vyama, na mnapoingiza nyimbo mtandaoni jazeni ile sehemu ya wapiga ala.

Watangazaji wa KBC na wa redio zote za Kiswahili, mkipiga zilipendwa, ulizeni wasikilizaji nani alipiga nini. Simu zitaingia, na anayejua atasema. Andikeni majibu kwenye daftari, msiyaache yapotee hewani.

Nanyi vijana, kabla hamjatoka studio, andikeni karatasi kama yule wa Kisauni. Hata kama mnapendana. Hata kama ni ndugu. Sisi tulipendana pia, na tulikuwa tukila sahani moja.

La mwisho ni kwa wasomaji wako. Yeyote mwenye picha ya bendi za Nairobi za mwaka 1978 mpaka 1980, aitazame tena kabla ya kuitupa. Kama katika picha mna vijana tisa, na wa pili kutoka kushoto ana shati la maua na gitaa jekundu lililobanduka rangi karibu na kiwiko, naomba ageuze nyuma atazame kama pameandikwa chochote. Mpiga solo wetu alikuwa na mazoea ya kuandika majina nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, kisha akazigawa kwa mashabiki. Mhariri anayo namba yangu. Nauli ya kuifuata popote nitaitafuta.

Mpiga rithimu,
Likoni, Mombasa